Aili Kesti, Aliyefundisha Watu Kuketi

Bibi yetu Aili Kesti alizaliwa tarehe 3 Novemba 1950 hapa Thunder Bay, Ontario, mtoto wa tatu wa mkata magogo Eino Harju na mkewe Lempi. Alimaliza sekondari mwaka 1968. Mwalimu mmoja alimwandikia kwenye ripoti kwamba hatulii kitini. Ripoti hiyo Bibi aliitia kwenye fremu.

Mwaka huohuo aliajiriwa kupiga taipu katika ofisi ya maghala ya ngano. Miaka kumi na mitatu ya kiti kile ilimkaza mgongo hadi akashindwa kufunga viatu vyake. Ndipo alipokwenda Toronto kujifunza elimu ya mwendo wa mwili. Alirudi mwaka 1984, akafungua darasa la kila Jumanne katika chumba cha chini cha kanisa hili, kwa vigoda kumi na viwili vya mbao. Madereva, washonaji, makarani, wote walipitia pale. Hakumwambia mtu akae wima. Alimwambia aisikie mifupa miwili anayoikalia, aizungushe nyonga mbele na nyuma polepole, kisha asikilize shingo inavyofuata. Nilimuuliza, sasa kukaa vizuri ni kukaaje? Akasema, "Ni kukaa ambako ukiitwa, unainuka bila kujiandaa."

Tarehe 21 Juni 1975 alifunga ndoa na Babu Reino, dereva wa basi la mjini. Babu alikaa sebuleni kama gunia la viazi lililoegemezwa ukutani, na kila Bibi akipita alimgusa kiunoni kwa kidole.

"We Aili, uliolewa na mimi au na mgongo wangu?"

"Na mgongo. Wewe ulikuja nao tu."

Babu alitutoka mwaka 2016.

Machi 2022 maumivu ya mgongo yalirudi. Bibi aliyatambua, au alidhani ameyatambua. Alitandika zulia, akafanya mazoezi yake polepole zaidi. Mama yangu, Kaarina, alimpangia daktari mara mbili, na mara mbili Bibi akapiga simu kuahirisha. Bwana Tauno, anayeendesha gari la kusukuma theluji, alimwambia mbele ya darasa, "Mwalimu, sisi tukipinda unatuona. Wewe ukipinda, nani akuone?" Darasa likacheka, naye akacheka.

Mimi nilimwona. Ilikuwa Oktoba, tunakunywa kahawa kwa mkate wa iliki, nikamuuliza mbona anaegemea kushoto. "Una jicho zuri," alisema. "Usimwambie mama yako." Nilifurahi kusifiwa. Sikusema.

Jumanne, tarehe 17 Januari 2023, miguu yake ilikataa kumbeba, darasani. Hospitalini walikuta saratani ya figo iliyokwisha kuingia kwenye uti wa mgongo. Haikuwa shauri la kukaa. Daktari alisema ilikuwemo kwa muda mrefu, na kwamba ingeonekana mapema, kungekuwa na mambo ya kujaribu. Tangu siku hiyo hakuweza kulala chali. Alilala ameketi, kwa mito minne. Alifariki asubuhi ya Ijumaa, 9 Juni 2023, akiwa na miaka 72.

Ameacha binti yake Kaarina, mwanawe Olavi, wajukuu watatu, na vigoda kumi na viwili ambavyo hatujui tuvifanyie nini.

Mama, nimekwambia leo. Nimechelewa.

Bibi amelala chali, kwa mara ya kwanza tangu Januari. Mungu amwache apumzike hivyo.