Nani Aliona Dude Likifa?

Benchi la Osward fundi baiskeli lina miguu mitatu na tofali moja, nalo limeegemea ukuta wa ghala la ushirika pale Mbinga mjini. Ukitaka habari za serikali, tafuta mwenye redio. Ukitaka habari pamoja na chumvi yake, kaa hapo. Kahawa huuzwa na Mwanabibi, mke wa karani wa posta, aliyeletwa na uhamisho wa mumewe kutoka Kilwa. Kabla yake, wazee wa hapa walikuwa wamelima kahawa miaka na miaka, wakaichuma, wakaianika, wakaipeleka ushirika, na hakuna aliyejua ladha yake. Siku hizi wanainywa kwa vikombe visivyo na mkono, wanakunja uso, wanasema tamu. Asubuhi ile ya Jumatano walikuwa wamekaa wanaume wanne, na wote wanne, kwa sababu ambayo hakuna aliyetaka kuitaja, walikuwa wanachechemea.

Aliyefika mwisho ni Nazari, karani wa mizani pale ghalani, kijana wa Lituhi. Huyu alikuwa na lake moyoni. Jumamosi lilikuja gari la sinema uwanjani, na watu wakadhani wataonyeshwa tena ile picha ya kupuliza dawa mibuni, ambayo walishaiona mara nne. Kweli wakaonyeshwa, ya tano. Halafu mkalimani akatangaza kwa kipaza sauti kwamba kuna nyongeza: picha ya Kijapani, ya zamani, yenye dude. Nazari alikuwa amekaa mbele kabisa na mchumba wake, Otilia, binti wa Mzee Ildefonsi wa Litembo, aliyefikia kwa shangazi yake hapo mjini. Ruhusa aliiomba kwa mzee mwenyewe, akaapa kumrudisha msichana mpaka mlangoni. Basi dude likatoka majini, upepo ukalijaza lile shuka jeupe la kuonyeshea picha, na dude likawajia watu kwa kifua chote. Nazari alikurupuka. Alikuja kumkumbuka Otilia akiwa ndani ya shimo la tatu katika shamba la Mansuetus, nyuma ya uwanja, na kutoka hapo aibu haikumwachia njia ya kurudi. Siku ya nne hiyo, hajapata neno kutoka kwa msichana. Barua aliyotuma haikujibiwa. Alichoomba asubuhi ile ni kimoja tu: watu wazungumze lolote, hata siasa, mradi wasifike mwisho wa sinema.

— Shikamoo, mzee Bama, alisema akikaa.

— Marahaba. Mguu umefanyaje, Karani?

— Gunia la kahawa limeniangukia. Na wako, mzee?

Mzee Thadei aliitwa Bama kwa sababu alipigana na Wajapani huko Bama katika Vita Kuu ya Pili, na tangu arudi hajapata kushindwa mabishano.

— Huu? Risasi ya mwaka arobaini na nne. Baridi ikija, inaamka.

— Wiki iliyopita risasi ilikuwa mguu wa kulia, alisema Mwanabibi akimimina kahawa.

— Risasi hutembea, mama.

Osward akaweka chini gurudumu alilokuwa akilinyoosha.

— Mimi nasema ile sinema ni ulaghai mtupu. Dude la mpira! Tena si mpira wa tairi, ni wa tyubu. Mkiani lina kiraka, na aliyekibandika hakungoja gundi ikauke. Mgongoni lina zipu. Nyumba zile ni maboksi ya sabuni, na treni inavutwa kwa uzi. Nimeuona uzi!

— Kumbe ni mtu kavaa mpira, alisema Mwanabibi. Basi bila shaka nyie mlitulia tuli.

Wanaume wakanywa kahawa, wote kwa pamoja.

— Mimi nilitulia, alisema Osward. Huu mguu ni pedali.

— Mpira, mpira! Bama alidakia. Wewe Mjapani umemjua lini? Mimi nimelala naye handaki kwa handaki. Lile dude linasema, tena Kijapani safi. Ile kelele ya kwanza lilikuwa linauliza, nani kawasha taa? Wajapani hawapendi taa.

— Mkalimani alisema lina njaa, alisema Osward.

— Mkalimani yule alikuwa anasoma Kiingereza kilichoandikwa chini ya picha. Kikipita mbio anasema, "wanaendelea kuzungumza". Nusu saa nzima wanaendelea kuzungumza! Na mji unaungua!

— Ile kelele ni ya mlango wa ghala hili, alisema Osward. Mlango ukitiwa mafuta, dude litakuwa bubu.

Mansuetus, mkulima mwenye shamba nyuma ya uwanja, alikuwa akikoroga kahawa isiyo na sukari.

— Nyie mmetazama mgongo, mmetazama mdomo. Miguu nani kaitazama? Lile dude ni mkulima.

— Mkulima!

— Kila likikanyaga, shimo. Shimo, tuta, shimo, tuta, tena mteremkoni. Hiyo si ngoro? Sisi Wamatengo tunachimba hivyo tangu babu zetu, maji ya mvua yanatulia shimoni na udongo hauendi. Lile limechimba mji mzima kwa dakika kumi! Kosa lake moja tu: halikulaza majani kwanza. Ngoro isiyo na majani chini ya udongo, mvua ya kwanza inaondoka nayo. Nililionea huruma. Nguvu zote zile, na hakuna wa kulielekeza.

— Samaki mkunje angali mbichi, alisema Bama kwa uzito, na hakuna aliyejua samaki ameingiaje.

— Na nyie mnasema la mpira, Mansuetus aliendelea, sauti ikishuka. Jumapili asubuhi nimekwenda shambani kwangu. Matuta kumi na saba yamevunjwa! Maharage yamelala chini. Niwaambieni lililopita pale ni nini?

Nazari aliona kahawa inamwendea puani. Lakini ajabu, Osward naye alikuwa anakagua spoku ambazo hazikuwa na ubovu wowote, na Bama alikuwa anatazama mawingu.

— Nyayo ulizionaje? aliuliza Bama taratibu.

— Za kila aina. Nyingine zina viatu, nyingine peku.

— Basi ni dude, wakasema Osward na Bama kwa sauti moja.

— Kabisa, akasema Nazari.

— Wewe Mansuetus na hilo dude hamkukutana? aliuliza Mwanabibi. Maana nyumba yako iko palepale.

— Wahenga wamesema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na kule mvunguni, ukiinama vibaya, unagonga goti.

— Ulikuwa mvunguni?

— Natoa methali, mama! Mtu hawezi kutoa methali?

Akajimiminia kahawa mwenyewe, akageuza maneno.

— Mimi nadhani lilitumwa. Si mliona? Linabomoa huku, watu wanabeba magodoro wanahamia kule. Mwaka jana mimi nimehamishiwa hapa na mlango wangu kichwani. Nilipomwona yule mama wa Kijapani, mtoto mgongoni na furushi mkononi, nikasema, hii picha imepigwa kwetu. Ile ni operesheni ya vijiji.

— Ndugu Mansuetus, alisema Bama, ambaye pia ni balozi wa nyumba kumi. Hilo liseme polepole.

— Nasema Japani!

— Hata Japani, iseme polepole.

Walicheka, na Nazari alicheka nao, ila kicheko chake hakikufika mbali. Kipo kipande alichokuwa anakikumbuka, na ndicho kilichomnyima usingizi kuliko goti. Kabla ya upepo, dude lilisimama majini peke yake, likitazama taa za mji. Lilikuwa la mpira, kweli, na jicho moja lilifunguka kabla ya jingine. Otilia akasema, "Maskini, halina mwenzake." Nazari akamcheka: yeye mtoto wa ziwa, aliyekulia Lituhi kati ya maji na mitumbwi, atalionea huruma jinamizi la maji? Dakika mbili baadaye yeye ndiye aliyemwacha binti wa watu bila mwenzake. Akikumbuka hapo, alitamani yale mashimo yangekuwa marefu zaidi.

— Lakini kufa kwake, alisema Osward, na Nazari akashtuka. Kufa kwake ndiko kulikoniudhi. Pancha! Linatobolewa, pumzi inatoka, basi.

— Pancha wapi? Lilichomwa singe. Mimi nikampigia saluti yule askari.

— Nyie vipi? alisema Mansuetus. Stelingi hafi! Na stelingi ni dude. Lilirudi zake kulima.

— Tumuulize Karani, alisema Osward, huyu alikaa mbele. Lilikufaje?

— Lilizama, alisema Nazari.

— Lilizama wapi?

— Majini.

— Mtoto wa ziwa huyo! Majini, nami nakumbuka sasa, alisema Bama, na wenzake wakaitikia kwa vichwa upesi, hata Mansuetus ambaye dude lake lilikuwa bado hai.

Hapo ndipo mzee mmoja mwenye koti na fimbo, matope ya njiani yamemfika magotini, aliposimama mbele ya benchi.

— Hodi hapa.

— Karibu, mzee. Karibu kahawa, alisema Mwanabibi.

Nazari alikuwa amekwisha kusimama.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba, mwanangu, alisema Mzee Ildefonsi. Akapokea kikombe, akaonja, akakunja uso. Hii ndiyo tunayoilima?

— Ndiyo, mzee.

— Haya. Nimeshuka kutoka Litembo na swali moja, si kubwa. Jumamosi, sinema ilipokwisha, binti yangu alirudi kwa shangazi yake na nani?

Osward akashika bisibisi, akaiacha. Bama alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu vita viishe, akaufunga bila kutoa kitu.

— Mzee, alianza Osward, huyu Karani wetu, kwa kweli, siku ile...

— Sijui, baba, alisema Nazari. Sijui alirudi na nani. Mimi nilikimbia. Nilimwacha pale.

— Ulikimbia nini?

— Dude.

— La kweli?

— La mpira, baba.

Mzee Ildefonsi aliimaliza kahawa yake, na hakuikunjia uso tena.

— Alirudi na kina mama. Walikaa mpaka mwisho, wakarudi wakiimba. Jumatatu amepanda Litembo, barua yako imemfuata huko. Nilimuuliza, mwanangu, tumjibu nini kijana? Akasema nisubiri, kwanza anacheka. Akimaliza kucheka, ataamua.

— Na sasa, baba?

— Nimeondoka alfajiri. Alikuwa bado.

— Kwa mwoga huenda kicheko, alisema Mwanabibi, na hiyo ndiyo methali pekee iliyokaa mahali pake asubuhi nzima.

Nazari alitoa ufunguo wa mizani mfukoni, akamkabidhi Osward.

— Mwambie bwana meneja nimekwenda Litembo. Baba, nikusindikize. Nataka nifike kabla hajamaliza.

— Kupanda kule ni mwendo mrefu, na mguu wako naona mbovu.

— Mguu utanifikisha, baba.

Mzee akamtazama tena, akageuza fimbo kuelekea mlimani, wakaondoka, mmoja akitembea na mwingine akichechemea. Walikuwa wamekwisha kulipita kanisa waliposikia vishindo nyuma yao. Wanaume watatu walikuwa katikati ya barabara, kila mmoja amekunja mguu wake mbovu, na Bama ameweka mikono mdomoni.

— Karani! Muulize binti, lilikufaje?