Cleophace Kashaija wa Bushangaro Jazz, na Ujumbe Wake kwa Elieza

Mzee Cleophace Kashaija, ambaye leo tunamlaza katika kibanja cha baba yake hapa Ndama, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1951, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Ankunda na marehemu Mama Kemilembe. Nyumba aliyozaliwa haipo tena, ila mbuni alioupanda baba yake siku ile bado unazaa, na kahawa mtakayotafuna baada ya maziko imetoka kwenye mti huo.

Alianza shule mwaka 1959, shule ya misheni, na kumaliza elimu ya msingi mwaka 1966. Hakuendelea, kwa sababu baba yake aliweza kumsomesha mtoto mmoja tu na kaka yake alikuwa mbele. Lakini huko shuleni alipata kitu ambacho hakukiacha maisha yake yote. Aliketishwa dawati moja na kijana kutoka Kituntu aitwaye Elieza Nuwamanya, aliyepuliza tarumbeta katika bendi ya misheni. Elieza akipuliza, Cleophace alipiga dawati kwa vidole. Mwalimu aliwachapa wote wawili, kisha Jumapili akawaomba wapige mbele ya askofu.

Mwaka 1970 marehemu alikwenda Bukoba kujifunza ufundi wa redio, na mwaka uliofuata akafungua kibanda chake Kayanga. Aliifanya kazi hiyo hadi macho yalipokataa waya ndogo. Mwaka 1972 yeye na Elieza, pamoja na wenzao watano ambao wote wametangulia mbele za haki, waliunda Bushangaro Jazz. Elieza alikuwa na tarumbeta, marehemu alikuwa na gitaa la kati. Gitaa la kati halina sifa. Watu hawaligeukii mpaka linyamaze. Marehemu alilipenda kwa sababu hiyo hiyo, na alisema kazi yake ilikuwa kumpa Elieza mahali pa kusimama.

Bendi ilihitaji sare, na sare zilishonwa na binti aliyekuwa akijifunza cherehani pale Kayanga, Pulkeria. Alitarizi neno “Jazz” mgongoni mwa kila shati kwa uzi wa njano. Shati la Cleophace alilitarizi mara mbili, maana mara ya kwanza, alisema, herufi zilikaa upande. Wenzake walijua kwamba herufi hazikuwa na tatizo lolote. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 11 Januari 1975, na msimamizi wa bwana harusi alikuwa Elieza. Maharusi walipotoka kanisani Elieza aliinua tarumbeta lake mlangoni, akapuliza mpaka padri akatoka kumwomba apunguze sauti.

“Padri,” Elieza alimjibu, “hili si redio. Halina pa kupunguzia.”

Vita vya mwaka 1978 viliitawanya bendi. Vyombo vilipotea, isipokuwa tarumbeta, ambalo Elieza alikimbia nalo mgongoni. Bushangaro Jazz haikupiga tena. Marehemu alirudi kwenye redio zake, migomba yake na kahawa yake, akalea watoto, akawa mzee wa jumuiya.

Mwezi Machi 2019 mjukuu wake Liliane alimfungulia kundi la WhatsApp, akaliita “Jazz ya Kwetu”. Marehemu alitaka mahali ambapo waliowahi kucheza dansi la Bushangaro, Karagwe na Kyerwa, wangekumbukana kabla hawajaisha. Kundi lilijaa. Waliingia watu wa Nkwenda na Murongo, wakaingia na vijana waliozaliwa bendi ikiwa imekwisha kufa. Mwanzoni lilikuwa jambo zuri sana. Mama mmoja alisimulia jinsi alivyotoroka kwao kwenda dansini, akamkuta baba yake huko anacheza. Mzee mwingine alituma sauti yake akiimba kiitikio, akasahau kuzima, watu wakamsikia anamgombeza mbuzi.

Marehemu aliweka sharti moja: mtu asibishe kabla ya kusalimu. Alidhani salamu italainisha maneno. Haikulainisha kitu.

“Shikamoo mzee,” aliandika kijana mmoja wa Rubwera aitwaye Anastazi. “Baada ya salamu, unayosema si kweli.”

Anastazi ni mtumishi wa umma, ana rekodi nyingi za muziki wa nje, na yupo hapa leo. Yeye ndiye aliyeleta hoja kwamba bendi zetu zilijiita jazz tu, na jazz yenyewe ni ile ya Amerika. Kundi likagawanyika. Asubuhi jazz, jioni jazz. Waliokuwa wakikumbukana wakaanza kupimana. Marehemu alijibu kwa subira mwaka mzima, na walio karibu naye walimwona akiishika simu kama mtu anayeshika redio iliyounguza fundi. Kila aliyejaribu kusimulia habari ya maisha yake aliulizwa ushahidi. Yule mama wa dansini aliondoka kimya kimya. Hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Kisha, mwezi Novemba 2022, Elieza akaandika. Elieza huwa haandiki. Alikuwa amesikiliza rekodi za Anastazi wiki nzima, na zilimgusa.

“Cleophace, hawa ndio wapulizaji,” alisema. “Sisi tulikuwa watu wa dansi. Jina la jazz tuliliazima tu.”

Marehemu alikuwa ameketi barazani. Alisoma, akavua miwani, akaivaa, akasoma tena.

“Wewe uliazima,” aliandika. “Mimi nilishonewa na mke wangu.”

Akamtoa Elieza kwenye kundi.

Familia haitalificha hilo leo, kwa kuwa marehemu mwenyewe hakulificha. Lilimuuma jioni ile ile. Mama Pulkeria alimwambia, “Hilo shati lina miaka hamsini, na Elieza ndiye aliyenishikia uzi. Mpigie.” Hakumpigia. Alituma neno kwa Mackrine, jirani yake Elieza kule Kituntu: aje nyumbani, kahawa ipo. Kwa wageni waliotoka mbali ni vizuri kueleza kwamba huku kwetu mtu akikupokea kwa kahawa ya kutafuna, naye akaitia mdomoni kwanza, maneno yaliyopita yamekwisha.

Jibu lilirudi na Mackrine. “Anasema alitolewa mbele za watu. Atarudishwa mbele za watu. Kahawa ya chumbani haitaki.”

“Ugomvi wa marafiki unamalizwa nyumbani,” alisema marehemu.

“Ugomvi uliofanywa uwanjani unamalizwa uwanjani,” ndivyo Elieza alivyojibu.

Kutoka Ndama hadi Kituntu ni bodaboda moja. Wazee wawili waliokaa dawati moja walishindwana mahali pa kukutania, na kundi, badala ya kuwasaidia, lilijadili jambo hilo kwa majuma: kama upatanisho unafaa nyumbani au kundini, kama msimamizi wa kundi ana haki ya kumtoa mtu mzima, kama katiba ya kundi ipo. Katiba haikuwepo. Wakaanza kubishana nani aiandike.

Mwezi Juni 2024 marehemu alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi. Madaktari walisema ni moyo. Alitibiwa hapa Karagwe na baadaye Mwanza, na familia inawashukuru wote waliomhudumia. Ugonjwa ulimfundisha kujishusha. Jumapili tarehe 9 Februari 2025, baada ya kupokea komunyo nyumbani, aliomba simu na kuandika mwenyewe, bila msaada, maneno haya:

“Wana Jazz, hamjambo. Mimi Cleophace nilimtoa Elieza Nuwamanya humu kwa hasira. Nilikosea. Mtu anaweza kusema hatukupiga jazz na bado akawa rafiki yangu. Aliyepuliza ni yeye, ana haki ya kuuita muziki wetu jina analotaka. Elieza, rudi. Na ukija nyumbani uje na tarumbeta, tumalizie lile dansi la Nyaishozi la mwaka sabini na sita, lililokatizwa na mvua.”

Hakumrudisha Elieza kwanza kundini. Alitaka watu wakubali, waseme karibu, ndipo amwingize kwa heshima, kama mgeni anayefunguliwa mlango nyumba ikiwa imefagiwa. Lakini nyumba haikufagiwa.

“Shikamoo mzee,” aliandika Anastazi. “Pole kwa kuumwa. Kwa rekodi nilizo nazo, Nyaishozi ilikuwa sabini na saba.”

“Haikuwa Nyaishozi, ilikuwa Nkwenda,” aliandika Mackrine. “Mama yangu alikuwepo.”

“Mvua gani? Jenereta liliishiwa mafuta,” aliandika mwingine.

Na hivyo hivyo hadi usiku. Katika maneno yote hayo hakuna aliyeandika jina la Elieza.

Mama Pulkeria alimsihi tena ampigie simu. “Aliomba mbele za watu,” alijibu marehemu. “Nimesema mbele za watu. Nikipiga tena simu nitakuwa nimemharibia.” Alilichukulia kundi kama tangazo la kanisani: likisomwa Ndama Jumapili, Jumatatu wanalijua Kituntu. Maisha yake yote ilikuwa hivyo. Kwa hiyo alingoja. Aliagiza kahawa ifungwe kwenye jani la mgomba na kuwekwa mezani, na jani likikauka libadilishwe. Bodaboda ikisikika inapanda kilima, aligeuza kichwa.

“Ni nani huyo?”

“Ni mtu wa mkaa, Tata,” binti yake Joanitha alimjibu mara nyingi.

“Elieza hupanda polepole,” alisema. “Anaogopa bodaboda.”

Mtu yeyote kati ya wale waliosoma angeweza kumfikishia Elieza ujumbe. Mackrine alidhani Anastazi amempigia. Anastazi alidhani Mackrine, kwa kuwa ni jirani, amekwenda. Wengine walidhani watoto wa marehemu wamekwenda, na watoto hawakuwamo kundini. Kila mmoja alikuwa na hakika ya mwaka wa dansi la Nyaishozi, na hakuna aliyekuwa na hakika ya jambo hili moja.

Mzee Cleophace alifariki asubuhi ya Jumapili, tarehe 27 Aprili 2025, nyumbani kwake, akiwa na mkewe na binti yake. Kundi lilituma rambirambi. Kabla ya saa sita mchana lilikuwa limeanza kubishana nyimbo zipi zipigwe msibani, na nani sasa awe msimamizi. Mtoto wake mkubwa, Polikarpi, aliombwa aamue. Polikarpi, ambaye ni mpole kuliko baba yake, aliomba simu ya marehemu izimwe.

Jumatatu Mzee Elieza alifika msibani. Alikaa mbali, karibu na zizi, kofia magotini, na Mama Pulkeria akamfuata huko.

“Pole, shemeji,” alisema Elieza. “Nimekuja kumzika. Lakini waitu, jamani, roho inaniuma. Miaka miwili na zaidi hakuniita.”

“Alikuita, Elieza.”

“Lini?”

“Mwezi wa pili. Aliandika kundini. Alisema alikosea.”

Elieza alimtazama. “Kundini kupi, shemeji? Si alinitoa?”

Waliokuwa karibu walisikia. Anastazi alikuwa amebeba benchi. Alilishusha, akakaa juu yake, akajishika kichwa. Mackrine alikuwa jikoni akimenya ndizi, na aliyemweleza anasema kisu kilimwanguka. Elieza aliomba asomewe ujumbe. Mama Pulkeria alikataa, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili alionekana kukasirika.

“Sikusomei kando ya zizi. Ulisema mbele za watu. Utasomewa mbele za watu.”

Ndiyo sababu wasifu huu umekuwa mrefu, na ndiyo sababu maneno ya marehemu yameandikwa humu kama alivyoyaacha, bila kurekebisha mwaka. Familia inawaomba wana Jazz ya Kwetu, ambao mmekuja wengi na mmechangia kwa moyo, msitafute leo kama ni sabini na sita au sabini na saba. Aliyekuwa na haki ya kumkosoa alikuwa mmoja, na hakupata nafasi.

Marehemu ameacha mjane, Mama Pulkeria. Watoto wawili, Polikarpi na Joanitha. Wajukuu watano, akiwemo Liliane. Shati moja lenye uzi wa njano, ambalo amevalishwa. Na rafiki mmoja wa dawati moja, Mzee Elieza Nuwamanya wa Kituntu.

Mzee Elieza, hapa ni nyumbani, na watu hawa wote wanasikia. Vyote viwili mlivyovitaka vimekutana leo, ingawa vimechelewa. Kahawa iko mezani pa Mama Pulkeria, jani lilibadilishwa asubuhi. Kama umekuja na tarumbeta, wachimbaji watangoja. Kama hukuja nalo, hakuna atakayekuuliza.

Ee Bwana, mpokee mtumishi wako Cleophace, umpe pumziko alilolingojea akiwa amegeuza kichwa kuelekea njiani. Asubiri sasa kwa utulivu. Rafiki aliyemwita amefika.