Suti ya Kwenda Kupimwa

Ukiwa na mtu anayeomba grant ya ulemavu, ile pesa ya serikali ya kila mwezi, mkague nguo kabla hajatoka. Mama Larissa aliyasikia haya kwa masikio yake, ndani ya taxi ya abiria kutoka Isipingo.

Mbele yake alikaa Papa Ruphin, aliyeumia mgongo akipakua mizigo kwenye maghala ya Clairwood. Siku hizi hata ndoo ya maji inamshinda. Lakini leo suti ya bluu, tai, viatu vya kujitazamia. "Papa, unaenda harusini?" akauliza dada Mtanzania aliyekaa pembeni ya Papa.

"Non, dada. Kwa daktari wa serikali, aandike kama siwezi tena kazi."

"Na suti hiyo? Eish! Ataandika wewe ni bwana harusi."

"Sisi Wakongo hatuendagi ofisini na matambara. Iko heshima."

"Heshima utaipika na nini? Vua basi hata tai."

"Tai? Bora uning'oe meno."

Mama Larissa hakucheka. Mwanawe naye atapimwa Jumatatu, na suti yake ya siku hiyo iko kwa dobi.

Taxi ikasimama hospitalini. Papa Ruphin akashuka amepinda, jasho linamtoka. "Hivyo hivyo!" dada akapiga kelele dirishani. "Usinyooke mpaka akuone!"

Papa akajiona kwenye kioo cha taxi. Akauma meno, akanyooka wima, akarekebisha tai.