Mashine Iliyomshika Mkono Mwalimu Mushagalusa

Ba papa, ba maman, mbele yetu hakuna sanduku la maiti, iko valizi yake ya nguo tu, kwa sababu Mwalimu Mushagalusa Bulonza amezikwa mbali, Bruseli, na familia imeniomba niwasomee maisha yake.

Alizaliwa Kasha tarehe 4 Machi 1931, akamaliza shule ya ualimu mwaka 1951, na kwa miaka thelathini na mbili alifundisha darasa la kwanza hapa Bagira, akiinama kwenye kila benchi na kushika mkono wa mtoto mpaka mkono ule uijue herufi. Tarehe 16 Agosti 1955 alimuoa Maman Emérence, Mungu akawapa watoto saba, watano wako hapa.

Mwaka 1982 kifua kilianza kumbana alipopanda kilima cha shule, na tarehe 2 Juni 1984 mapadri walimpeleka Ulaya, ambako tarehe 12 waganga waliushonea moyo wake uliochoka njia mpya za damu. Telegramu ilisema upasuaji umekwisha, moyo unasaidiwa na mashine, nasi tukaelewa kwamba amepewa moyo wa chuma, tukaimba, Maman Emérence akafukia ndizi ziive za kasiksi, pombe ya kumpokea. Ni Daktari Apollinaire wa hapa kwetu aliyemweleza Maman polepole kwamba mashine ile ni kipira chembamba kilichopitishwa pajani hadi mshipa mkubwa, kinavimba na kunywea kuufuata moyo, nacho ni cha siku chache, kama mwalimu amshikavyo mtoto mkono, kisha auachie.

Jumamosi jioni, tarehe 16, padri alileta telegramu nyingine: kila mashine ikipunguzwa moyo unalegea, ikibaki mguu unakufa kwa kukosa damu, familia iseme wafanye lipi. Maman hakukaa hata chini, alisema, "Muandike wakate mguu, wamuachie mashini. Kufundisha, atafundisha akikaa kwa kiti." Posta ilikuwa imefungwa, jibu lake likaondoka Jumatatu asubuhi, na Mwalimu alikuwa amefariki Jumapili saa tisa alasiri, baada ya waganga kuitoa mashine, kumuachia mkono.

Tunawashukuru waganga wa kule waliomkesha siku tano, Daktari Apollinaire, majirani wa Bagira na walimu wenzake waliobaki na darasa lake. Kasiksi ile imeiva leo, Maman anaomba msiikatae, maana hana mwingine wa kumpokea nayo.

Mwalimu, umeshika mikono yetu yote, sasa wako upumzike kwa amani.