Fundi Herufi, Mume wa Mama Pokea

Ndugu, jamaa na majirani, tunayemsindikiza leo alizaliwa alfajiri ya tarehe 9 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yake alikuwa mpishi wa hospitali, mama yake mshonaji wa sare za shule. Walimpa jina la babu yake, lakini ninyi nyote mlimjua kama Fundi Herufi, na yeye alilipenda jina hilo kuliko la kuzaliwa, kwa sababu, kama alivyokuwa akisema, la babu alipewa, la Herufi alilitolea jasho.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1958 katika shule ya msingi iliyokuwa mkabala na maghala ya mizigo. Hakuwa mwanafunzi wa kusifiwa. Hesabu zilimpiga chenga, na kuimba ndiyo usiseme. Darasa la nne aliketi dawati moja na mtoto wa karani wa posta, ambaye mwandiko wake ulikuwa mzuri mpaka mwalimu akawa anapitisha daftari lake darasa zima. Jambo hilo lilimkaa rohoni. Alichukua makaa jikoni kwa mama yake akawa anaandika nyuma ya nyumba, ukutani, herufi moja mara mia, anafuta, anaanza tena. Alichapwa kwa ajili ya ule ukuta. Alipofika darasa la sita, daftari lililokuwa likipitishwa ni lake. Dada yake mkubwa, ambaye yuko nasi hapa, anakumbuka siku hiyo alirudi nyumbani akiruka ruka, na swali lake la kwanza lilikuwa, "Unadhani yule mwenzangu ameumia?"

Alimaliza shule mwaka 1965, akapelekwa kwa mjomba wake kujifunza useremala. Alikaa miaka miwili. Karakana ya jirani ilikuwa ya kuchomea vyuma, na kila cheche zikiruka kule, randa ilimwia nzito mkononi. Akahamia huko. Baada ya mwaka akaona madereva wa malori wanavyopokewa kila wanakofika, akaenda kuwa utingo. Huko nako aligundua kwamba anayepokewa ni dereva, siyo utingo. Shangazi yake alimwambia, "Wewe mtoto, hutafuti kazi. Unatafuta ya mwenzako." Mwaka 1972 kinyozi mmoja alimwomba amwandikie ubao wa mlangoni, na ule ubao ukamtuliza. Tangu hapo hakutupa tena brashi.

Kwa zaidi ya miaka thelathini, mtu akifungua duka, ofisi au karakana mjini hapa, alimwita yeye kwanza. Aliandika ubao wa mwokaji mikate, wa wakili, wa fundi viatu, wa mpiga picha, wa duka la dawa na wa daktari wa meno. Na kila alipoandika kazi ya mtu, aliitamani. Alipokuwa kwa daktari wa meno alitumia siku tatu kwa kazi ya siku moja, muda wote akichungulia dirishani, akarudi nyumbani akasema ile ndiyo kazi: unaongea wewe peke yako, mwenzako amefungua mdomo na hawezi kukujibu. Kinyozi alimwonea wivu kwa sababu hata mkuu wa polisi humwinamishia kichwa. Mwokaji, kwa sababu watu wanamtafuta kabla hawajanawa uso. Hakuwa mchawi wa mtu, wala hakumsema mtu vibaya. Ilimuuma tu, kimyakimya, kama jino, kisha anachovya brashi na kumwandikia yule yule herufi nzuri kuliko zote alizowahi kuandika.

Mkewe alimpata kazini. Mwanzoni mwa mwaka 1978 alikuwa juu ya ngazi katika zahanati, akimalizia ubao, muuguzi mwanafunzi akapita chini na ndoo.

"Fundi, umekula herufi," akasema yule binti.

"Ipi?"

"Umeandika 'Zahanti.' Hapo watu watatibiwa nusu."

Alishuka amenuna, akafungasha vitu vyake akaenda zake. Kesho yake alirudi na herufi A moja na shati lililopigwa pasi. Walifunga ndoa tarehe 11 Agosti 1979. Mungu aliwajalia watoto watatu, na nyumba waliyoijenga polepole, chumba baada ya chumba, ndiyo ile mliyotoka asubuhi hii.

Yule binti akawa mkunga. Wengi wenu mliokaa hapa mlipita mikononi mwake, na mama zenu wanakumbuka alivyokuwa akisema uchungu unapozidi: "Usiogope, nipo, napokea." Ndiyo maana mji mzima unamwita Mama Pokea. Na hapo ndipo ulipokuwa mtihani wa marehemu. Haya tunayasoma kwa sababu mama mwenyewe ametaka yasomwe, na marehemu aliridhia miezi miwili kabla ya kututoka. Alisema, "Yasemeni. Msinipake rangi mbili."

Kutoka nyumbani kwao hadi sokoni ni mwendo wa robo saa. Wakiwa wawili ilikuwa saa nzima. "Mama Pokea! Yule wako yuko darasa la nne sasa!" "Mama Pokea, mapacha wanakusalimu!" Marehemu alisimama pembeni na kikapu, anatazama viatu vyake. Kisha mtu hugeuka na kumuuliza mama, mbele yake mwenyewe, "Na huyu ndiye mzee wetu?" Jumamosi moja aliamua kuhesabu. Mama alisalimiwa mara arobaini na moja. Yeye mara mbili, na mmoja kati ya hao wawili alimfananisha na mtu wa kampuni ya maji, akaanza kumlalamikia bomba.

Zamani wivu wake ulikuwa wa kwenda na kurudi. Aliandika ubao, akaumia, akahamia kwa mwingine. Huu ulilala naye kitanda kimoja. Ulimpikia, ulimfulia, ulimuuliza siku yake ilikuwaje. Mtoto wao wa kwanza anakumbuka kwamba baba alikuwa akizima redio kila mama alipoanza kusimulia mambo ya wodini, si ili amsikilize, bali ili yeye baba atoke chumbani.

Mwaka 1998 zahanati ilikuwa imeshakuwa hospitali, na ikajengwa wodi mpya ya wazazi. Kamati ya hospitali iliamua iitwe Wodi ya Mama Pokea. Mwenyekiti wa kamati alimfuata marehemu nyumbani akiwa na furaha tele. "Fundi, jina la mkeo ukutani, na mwandishi ni wewe! Kazi gani tena kama hiyo?" Marehemu alicheka, akakubali. Kisha wiki zikapita. Mara mvua, mara rangi haijafika, mara ngazi imevunjika. Mwishoni alitundika shuka kubwa ukutani na kufanya kazi nyuma yake siku mbili, hataki mtu achungulie.

Tarehe 20 Juni shuka likavutwa mbele ya watu wote. Herufi zilikuwa nyekundu, zimenyooka, zina vivuli vya dhahabu. Zilisomeka WODI YA WAZAZI. Chini yake, mahali pa jina, palikuwa na ua.

"Fundi," mwenyekiti akanong'ona, "jina liko wapi?"

"Nafasi ilikuwa ndogo."

Ua lile lilikuwa pana kama mlango. Watu walianza kutazamana. Mama ndiye aliyepiga makofi kwanza, akasema kwa sauti, "Ua zuri jamani!" na wengine wakafuata. Alikata utepe, akapiga picha na kila mtu, akatembea hadi nyumbani akisalimia njia nzima. Alipofika alifunga mlango, akavua viatu, akakaa.

"Nafasi ilikuwa ndogo wapi, baba watoto? Ukutani au kifuani?"

Marehemu alibaki amesimama. "Nimeandika majina ya mji huu wote. Nenda kamuulize mtu yeyote nani aliyaandika. Hajui. Wewe ukikohoa tu, mtaa mzima unauliza umeamkaje."

"Ungeniambia."

"Ningekuambiaje? Kwamba namwonea wivu mke wangu kwa sababu ni mtu mwema?"

"Ndiyo. Hivyohivyo. Ningelia, ningekasirika, yangeisha." "Sasa kila siku nitaingia kazini chini ya lile ua. Silitaki tena jina. Ila usiniambie nisikumbuke."

Mama hakuhama, hakumshtaki kwa wazee, hakuwaambia watoto. Aliendelea kumwekea chakula na kumuuliza kama shati liko safi. Lakini zile habari za wodini hakumsimulia tena, hata moja. Marehemu alikuwa amezikimbia miaka yote, na zilipokoma nyumba ikawa kubwa kupita kiasi. Aliwaambia wanawe miaka mingi baadaye kwamba alikuwa akikaa sebuleni akimsikia mama akizungumza na jirani uani, akicheka, na yeye akamwonea wivu jirani.

Ikawa hivyo miaka kumi na moja.

Kati ya mwaka 2005 na 2009 kazi yake ilikauka. Mtu mmoja alifungua duka la kuchapa mabango ya plastiki kwa mashine, na kibao baada ya kibao, maandishi ya marehemu yalishuka kutoka milangoni mwa watu. Mwokaji alibadilisha, wakili akabadilisha, hata mtoto wa yule kinyozi wa kwanza kabisa, aliyerithi kazi ya baba yake, akabadilisha. Wakati huohuo mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Daktari alimwambia ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, hauna haraka lakini haurudi nyuma. Alizifunga brashi zake kwenye gazeti akaziweka juu ya kabati.

Mama alikuwa astaafu tarehe 30 Septemba 2009. Siku tatu kabla, marehemu alikutana na mwenyekiti wa kamati njiani, akaambiwa kwamba wamemwagizia mama bango la plastiki lenye jina lake, wampe kama zawadi ya kumuaga. Lilikuwa tayari dukani kwa yule wa mashine.

Tungependa kusema kwamba majuto ndiyo yaliyompandisha kwenye ngazi. Yeye mwenyewe alikataa kusifiwa hivyo. Alisema alichosikia njiani pale kilikuwa ni wivu, ule ule: kwamba mtu mwingine, tena kwa mashine, ataandika jina la mke wake.

"Hilo bango lirudisheni," akamwambia mwenyekiti. "Jina la mke wangu naandika mimi."

"Fundi, na huo mkono?"

"Nitaushika kwa huu mwingine."

Siku ya mwisho ya kazi ya mama, saa moja asubuhi, alimkuta mumewe juu ya ngazi mlangoni pa wodi. Ua lilikuwa limeshafunikwa na rangi nyeupe. Mkono wa kushoto uliushika wa kulia kwenye kifundo, na brashi ilikwenda kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Wajawazito waliokuwa wakingoja zamu walikuwa wamegeuza benchi ili waone vizuri. Alikuwa amefika kwenye P.

Mama aliweka mkoba chini akaishika ngazi. Hakuiachia mpaka herufi ya mwisho ilipokamilika.

"Imepinda?" akauliza marehemu bila kugeuka.

"Imepinda."

"Nifute?"

"Thubutu."

Basi ndiyo ile mnayoiona mpaka leo, mbaya kuliko zote alizowahi kuandika. Hospitali imepaka rangi kuta zake mara mbili tangu hapo, na mara zote mbili mama, ingawa amestaafu, alikwenda kusimama pale mpaka mafundi wakapita kando. Bango la plastiki liliziba dirisha la stoo. Jioni ile ile mama alimsimulia habari ya mapacha waliozaliwa mchana, kuanzia mwanzo hadi mwisho, na marehemu alizima redio akasikiliza.

Miaka iliyofuata ugonjwa ulichukua mkono, kisha miguu, kisha sauti kwa sehemu. Mama alimnyoa, alimvalisha, alimlisha. Mwezi Oktoba mwaka huu kifua kilimbana, akalazwa wodi ya wanaume. Kitanda cha pili alikuwapo mzee mmoja, mlinzi mstaafu, ambaye hakuwa na mtu wa kumtazama. Mama, kwa tabia yake, akawa anamsogezea maji, anamkalia kidogo, anamuuliza habari za ujana wake. Mchana wa tarehe 2 Novemba 2023 maongezi yao yalinoga. Marehemu alifungua macho, akamtazama mlinzi, akamtazama mkewe.

"Umekaa sana huko," akasema. "Sogea huku."

Mama alivuta kigoda akasogea, akamshika mkono. Marehemu aliondoka duniani saa tisa na dakika kumi, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Marehemu ameacha mjane, Mama Pokea, binti mmoja ambaye ni fundi umeme, watoto wawili wa kiume, mmoja mpimaji wa ardhi na mmoja mpishi kama babu yake, wajukuu saba, dada mmoja na mdogo wa kiume mmoja. Ametuachia pia yule mlinzi, ambaye alipona, na ambaye leo yuko mstari wa mbele karibu na mama. Mzee wetu, karibu sana. Marehemu angekuomba tu usogeze kiti kidogo.

Mwenyezi Mungu ampokee, na ule moyo wake usiokubali kutulia, autulize.