Siku Baba Alipoulizwa kwa Mikono

Bwana asifiwe, wapendwa! Sitasema mengi. Nimesema mno maishani mwangu.

Wazazi wangu wote wawili ni viziwi. Kwetu, nyuma ya Msambweni, tulizungumza kwa mikono, na mimi, mtoto wao wa pekee, ndimi niliyekuwa mdomo wa nyumba. Dukani mimi, kwa chifu mimi, zahanati mimi. Mama akiumwa, nilimweleza daktari mambo ambayo mtoto hapaswi kuyajua. Ndugu zangu, nilichoka! Wenzangu wakiniita kucheza, mimi nilitamani kulala tu.

Siku ya uhuru watu walirukaruka uwanjani. Baba akaniuliza kuna nini. Sasa uhuru nitauonyeshaje? Nikaikutanisha mikono kama mtu aliyefungwa kamba, kisha nikaiachanisha kwa nguvu. Baba alifurahi! Aliirudia ishara ile njia nzima tukienda nyumbani.

Haukupita muda mrefu, nikaletewa posa. Mposaji alikuwa mzee mwenye wake wawili, rafiki wa baba mdogo. Na kwetu msichana haketi kwenye kikao cha posa yake. Nikawekwa jikoni, baba akabaki barazani bila mdomo, na baba mdogo akajitwika kumsemea. Nilimsikia waziwazi.

"Kaka amekubali. Si mwamwona anavyoitikia kwa kichwa?"

Lakini baba humwitikia hivyo kila mgeni, ndiyo heshima yake! Nikitoka, ningemwaibisha. Nikinyamaza, nimeolewa. Nikapiga magoti kando ya meko nikasema, "Bwana, mimi nimechoka. Leo sema Wewe."

Ndugu zangu, Mungu husikia! Jirani yetu, Mama Rael, aliingia barazani na sinia la chai. Kwa miaka mingi amesuka makuti pamoja na mama, nami sikujua kwamba ameishika lugha yetu. Akaliweka sinia chini.

"Mniwie radhi, wazee wangu. Mwenye mtoto hajaulizwa."

Akamuuliza baba kwa mikono, mbele ya wote! Nilichungulia mlangoni. Uso wa baba ulibadilika. Alimtazama ndugu yake, kisha akapunga mkono kukataa, mara ya kwanza, mara ya pili. Wageni waliondoka bila kunywa chai.

Baba akanifuata jikoni. Akaikutanisha mikono yake, akaiachanisha kwa nguvu, akaninyooshea kidole. Nililia sana siku ile. Tangu hapo Mama Rael huwasindikiza zahanati, nami nimejifunza kupumzika.

Wewe uliyechoka kubeba wenzako, usione haya kumwambia Bwana umechoka. Mtegemee, anajua atamtuma nani. Mama yangu ameketi pale nyuma, na Mama Rael anamwonyesha haya yote ninayosema. Leo mama ameusikia ushuhuda wangu, na si mimi niliyemfasiria. Asante, Yesu!