Marehemu Melkizedek Yeremia, Mtunza Punda wa Watu

Ndugu, jamaa na majirani mliofika Chanzuru leo, Jumatatu tarehe 21 Aprili 1975, huyu tunayemlaza hapa mlimfahamu kwa kazi yake. Mwisho wa kazi hiyo umesimuliwa kwa namna nyingi wiki hizi. Familia imeona usomwe mbele yenu jinsi ulivyokuwa, pamoja na mengine ya maisha yake.

Marehemu Melkizedek alizaliwa Lumuma, kule milimani, mwezi Juni mwaka 1918, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Yeremia na Mama Yunis. Siku yenyewe haikuandikwa. Iliyoandikwa ni ya ubatizo wake, Jumapili tarehe 4 Agosti mwaka huohuo. Mama yake alikuwa akisema kwamba mtoto huyu hakulia alipomwagiwa maji, ila alilia walipotoka kanisani, alipomwona punda amebebeshwa magunia mawili.

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1930 hadi 1934, akafika darasa la nne. Alikuwa na mwandiko mzuri. Mwalimu alitaka aendelee, lakini baba yake alifariki mwaka huo na nyumbani hapakuwa na wa kumlipia.

Mwaka 1936 alishuka Kilosa, akaajiriwa katika shamba moja la mkonge, karibu na hapa, kukata majani ya farasi. Baada ya miaka mitatu akawa saisi, yaani mtu wa kuwasugua farasi, kuwalisha na kuwatembeza. Bwana wa shamba alikuwa na farasi watatu. Farasi haishi mabondeni huku akiachwa nje, kwa sababu ya mbung'o. Hukaa katika banda lenye giza, paa limeshuka karibu na ardhi, na mlangoni hufukizwa kinyesi kikavu tangu asubuhi mpaka jua lizame. Marehemu alifukiza moshi huo kwa miaka thelathini na minane. Nguo zake zote zilinukia moshi, hata za kanisani.

Tarehe 14 Oktoba 1944 alifunga ndoa na Bi Paulina, nao wakajaliwa watoto wanne. Mmoja, Theodory, alitangulia mbele za haki akiwa na miezi saba. Mabinti zake wanakumbuka kwamba kila asubuhi, wakienda shule, baba aliwasimamisha mbele ya farasi jike mzee wa pale bandani ili wamwamkie. Selestina alipokataa, akasema huyo ni mnyama tu, baba alimjibu: "Yeye alikuwa Kilosa kabla yako. Mwamkie." Basi wakasema shikamoo. Farasi akitikisa kichwa, baba alisema, "Marahaba. Haya, nendeni."

Nchi ilipopata Uhuru, Bwana alikaa mwaka mmoja na nusu, kisha akarudi kwao, Juni 1963. Farasi wawili aliwauza. Yule mzee hakupata mnunuzi, akamwachia marehemu pamoja na lile banda, badala ya kiinua mgongo. Farasi alikufa mwaka 1966. Banda lilibaki, na hapo marehemu alianza kazi ambayo wengi mnamjua nayo.

Watu wa milimani walishuka na punda wao kuleta maharage na viazi. Wakiisha kuuza, waliwaacha punda huku msimu mzima wabebe mizigo ya jioni, mbung'o wakishalala, kati ya stesheni na maduka, na marehemu akawapa malazi bandani mwake. Makubaliano yalikuwa ya mdomo. Mwenye punda alileta debe moja la mahindi kwa mwezi kwa kila punda. Marehemu alitoa majani, pumba, maji na moshi. Majani yalikatwa na akina mama watatu wa hapa Chanzuru, nao aliwagawia sehemu ya mahindi hayo. Pumba alipewa bure na Bwana Mwinshehe wa mashine ya kusaga. Kwa miaka minane debe halikubadilika, na hakuna punda hata mmoja aliyekufa kwa mbung'o.

Mwaka jana ninyi nyote mnaujua. Mvua haikunyesha. Mwezi Julai marehemu alikwenda mashineni na magunia yake kama kawaida, Bwana Mwinshehe akamtoa pembeni. "Mzee wangu, nitakuficha nini," alimwambia. "Pumba hizi sasa watu wanapika uji. Nikimpa punda, nitamtazamaje mama mwenye watoto?" Marehemu alisema ni kweli, akarudi na magunia matupu. Akina mama wa majani nao walisema nyasi zimekwenda mbali, hawawezi tena kwa ujira ule. Nao walisema kweli.

Jumamosi tarehe 7 Septemba 1974 aliwaita wenye punda bandani. Walifika saba kati ya tisa. Aliwaomba waongeze nusu debe.

"Mzee Melkizedek," alisema Bwana Vitalis wa Lumuma, ambaye alikuwa na punda watatu, "punda wangu hajaota tumbo la pili. Mbona debe linaota?"

"Tumbo ni lilelile, Vitalis. Zamani nililijaza kwa pumba za bure. Sasa hakuna cha bure."

"Huyo wako, Vitalis, hata mkeka anakula," mwingine alitania. "Angetozwa madebe mawili."

Watu walicheka. Kisha Bi Sesilia, mjane mwenye punda mmoja, alisema kwa sauti ndogo: "Kaka, mimi sibishi. Lakini hilo debe moja lenyewe nalitoa kwenye sufuria ya wanangu. Nusu nitaitoa wapi?"

Bwana Vitalis ndiye aliyeendelea. "Siku hizi tunafundishwa kuwatambua wenye mirija, wanaonyonya jasho la wengine. Sisi tunalima, sisi tunateremka mlima. Wewe umekaa kwenye banda la Mzungu unangojea madebe. Sasa huo si mrija?"

Walicheka tena, na marehemu alicheka pamoja nao. Wengi walidhani mambo yamekwisha kwa utani. Lakini jioni ile hakula. Bi Paulina alimwambia, "Baba Raheli, warudishie punda wao, kila mtu apambane na wake." Akajibu, "Wakipanda mlimani na njaa hii, watafia njiani. Na wakibaki huku nje ya banda, watakufa." Akamwambia tena, "Basi mlishe wa mwenye kutoa, wa asiyetoa umpunguzie." Akasema, "Punda hajui nani ametoa." Kesho yake aliwatumia ujumbe wote tisa kwamba debe litabaki moja.

Hatutaficha kilichofuata. Kwa kuwa hakuweza kulipa wakata majani, mwezi Oktoba alianza kuwatoa punda alfajiri na kuwapeleka kwenye mbuga zilizochomwa, upande wa njia ya Mikumi, mahali nyasi changa zilipochipua. Hivyo ndivyo alivyofanya utotoni kwao Lumuma, ambako hakuna mbung'o. Aliwaza kwamba akiwahi kuwarudisha kabla ya jua kukolea, wadudu hawatakuwa wameamka. Kwa wiki nane aliwahi. Lakini punda mwenye njaa akikuta nyasi haondoki upesi, na marehemu alikuwa na miaka hamsini na sita, na magoti yake yalikuwa yamechoka. Siku alizochelewa alizijua mwenyewe. Alizitaja kwa idadi: siku nne.

Punda wa kwanza alikufa tarehe 11 Desemba. Walikonda, macho yakatoa maji, wakainamisha vichwa mbele ya hori lenye chakula wasile. Kufikia tarehe 2 Machi mwaka huu, kati ya punda kumi na wanne walikuwa wamekufa kumi na wawili.

Kwetu, mtunzaji akifiwa na mnyama wa mtu humkatia mkia akampelekea mwenyewe, ili aseme: sikumuuza, sikumla. Mwenye mnyama akiupokea, neno limekwisha. Marehemu aliikausha mikia yote kwa chumvi na majivu, akaifunga kila mmoja kwa kitambaa chenye jina la mwenyewe, kwa mwandiko wake ule mzuri. Jumatatu tarehe 10 Machi, masika yakiwa yameanza, aliondoka kwa miguu kwenda Lumuma. Samweli, mtoto wa ndugu yake, ambaye ni mtu mzima na ndiye shahidi wetu, alimsindikiza. Bi Paulina aliwasihi wangoje mvua ipungue. Marehemu alisema aliyefiwa hangojeshwi.

Wenye punda waliupokea mkia, mmoja baada ya mwingine. Bi Sesilia aliushika wake kwa mikono miwili. "Kaka, umetembea siku mbili kuniletea huu," alisema. "Ningetoa ile nusu."

"Ungeitoa wapi, Sesilia?" marehemu alimuuliza, bila ukali. Bi Sesilia aliinuka kuwasha moto. Aliwapikia uji.

Bwana Vitalis walimkuta anabomoa nyumba yake. Alikuwa ameamriwa kuhamia kijiji kipya kabla mwezi haujaisha, na nguzo alikuwa akizibeba kichwani, yeye na mkewe. Marehemu alivua kofia, akamnyoshea mikia mitatu. Bwana Vitalis hakunyosha mkono.

"Mkia hausombi nguzo, mzee."

"Najua."

"Nikiupokea nimekubali kwamba ni kazi ya Mungu. Hii si ya Mungu. Wewe ndiwe uliyewapeleka kwa mbung'o."

"Ni mimi," marehemu alisema.

"Basi rudi nao."

Samweli alitaka kumkumbusha Bwana Vitalis mkutano wa Septemba na ile nusu debe. Marehemu alimzuia. "Nyamaza. Alitoa tulichokubaliana." Kisha akakaa kwenye jiwe mbele ya uwanja, mvua inanyesha, mikia mapajani, tangu asubuhi mpaka alasiri. Bwana Vitalis alipita mbele yake na nguzo zake, akienda na kurudi, wala hakumfukuza. Saa kumi marehemu aliinuka, akasaidia kubeba nguzo moja mpaka mwisho wa uwanja, akaaga, akaondoka.

Alirudi Kilosa anatetemeka. Kifua kilimbana. Alilazwa hospitali tarehe 20 Machi, akapata nafuu kidogo siku ya Pasaka, kisha hali ikawa mbaya tena. Hakuulizia banda. Aliulizia kama kuna mtu ametoka Lumuma. Kila siku tulimjibu hapana, na hatukuwa na uwezo wa kumjibu vingine. Alifariki Jumamosi tarehe 19 Aprili 1975, saa tisa alasiri, akiwa na Bi Paulina. Alitaka azikwe Lumuma karibu na mama yake. Njia imekatika kwa maji, gari halipiti, na wale punda wawili waliosalia hawana nguvu za kumpandisha. Ndiyo maana tumemleta hapa.

Ile mikia mitatu iko nyumbani. Jana tulimtuma Samweli kwa garimoshi kwenda kwa Bwana Vitalis, katika kijiji kipya alikohamishiwa kando ya reli, kumwomba afike aipokee kabla ya udongo kumfunika mwenzake. Samweli amerudi asubuhi hii. Bwana Vitalis ametuma pole kwa mjane. Kuhusu mikia, amesema hana neno jipya.

Familia haimlaumu. Tumehesabu upya, kwa mahindi yake na kwa mahindi yetu, tukitafuta mahali ambapo jambo hili lingeweza kwenda sawa kwa wote wawili, na hatujapaona.

Marehemu ameacha mjane, Bi Paulina, watoto watatu, Raheli, Tomasi na Selestina, wajukuu saba, na dada mmoja, Bi Teresia, aliyeko Lumuma na ambaye bado hajapata habari.

Bwana umpe Melkizedek pumziko, na umpe kwako ile amani aliyoiomba mlangoni kwa mtu akaikosa.